Vumbi kwenye sensa: anza na hewa, kugusa kuwe mwisho

Umepiga machweo Bagamoyo. Umefungua picha kwenye kompyuta, na juu kulia, katikati ya anga safi, kuna kidoa cha kijivu. Picha inayofuata kipo palepale. Umebadilisha lenzi, bado kipo. Hilo ni vumbi, na limekaa kwenye sensa.

Usiogope, na usikimbilie dukani. Mara nyingi vumbi hutoka kwa hewa peke yake. Ukifuata mpangilio huu hutaharibu kitu.

Jua kwanza unachosafisha. Mbele ya sensa kuna kigae chembamba cha kioo, na vumbi hukaa juu ya hicho. Sensa yenyewe huigusi. Lakini kigae kikikwaruzika, mkwaruzo utauona kwenye kila picha, na matengenezo yake ni ghali.

Hakikisha tatizo. Weka ISO 100 na tundu la lenzi f/16 au f/22. Zima fokasi ya otomatiki, kisha vuruga fokasi kwa makusudi. Elekeza kamera kwenye karatasi nyeupe, ongeza mwanga kidogo, na upige huku ukiitikisa taratibu. Karatasi itafifia, vumbi litabaki limesimama. Kuza picha hadi 100% uipitie pembe hadi pembe.

Kwa nini f/16? Kwenye f/2.8 kivuli cha vumbi hutawanyika hadi hukioni. Ndiyo maana unaweza kupiga harusi ukumbini miezi mitatu bila kuona doa, kisha siku ya picha za nje, jua kali, umefunga hadi f/11, yote yakajitokeza kwa mkupuo.

Kumbuka pia kwamba picha huangukia sensa juu chini. Ukiigeuza kamera ikutazame, kulia hubaki kulia, ila doa la juu liko chini.

Sasa tumia kamera yenyewe. Kamera nyingi za leo hutikisa kigae hicho ili vumbi lidondoke. Olympus E-1 ya mwaka 2003 ndiyo iliyotangulia. Weka kamera yako mezani ikiwa imekaa wima, fungua menyu, anzisha usafishaji huo, rudia mara tatu au nne. Piga karatasi tena. Ikiwa safi, umemaliza.

Haijatoka? Chukua kipulizia cha mpira, kile unachokibana kwa kiganja. Andaa mahali: chumba chenye sakafu ya vigae, dirisha limefungwa, pangaboi limezimwa. Kitandani na kwenye zulia hapafai, na khanga mabegani iweke pembeni kwa sababu nyuzi zake huruka. Betri iwe imejaa. Ikizima katikati ya kazi, shata itajifunga juu ya kifaa chako.

Kwenye DSLR, tafuta kwenye menyu sehemu ya kusafisha sensa kwa mkono. Kioo cha kuakisi kilicho mbele ya sensa kitanyanyuka na kubaki juu. Usitumie bulb, inayotegemea kidole kushikilia kitufe. Kidole kikiteleza tu, shata inafunga. Kwenye mirrorless, ukitoa lenzi ukakuta mapazia membamba badala ya sensa inayong'aa, hiyo ni shata. Usiipulizie. Rudi kwenye menyu uifungue kwanza.

Bana kipulizia mara kadhaa pembeni ili kitoe uchafu wake. Kisha inua kamera, mdomo utazame sakafu, ncha ibaki nje ya ukingo wa pale lenzi inapofungiwa. Puliza kwa nguvu mara kumi. Rudisha lenzi, piga karatasi. Hapa ndipo wengi tunapoishia.

Usipulize kwa mdomo, hata siku moja. Niliwahi kuletewa kamera ya mdogo wangu iliyopulizwa hivyo ufukweni. Nilipoimulika tochi kwa pembeni, vitone vya mate vilikuwa vimekauka, kila kimoja na duara lake jeupe. Vumbi la kuondoka kwa mpulizo mmoja lilikuwa limegeuka kazi ya saa nzima. Hewa ya kopo nayo iache, kwa kuwa hurusha kimiminika baridi kinachoganda kwenye kioo. Kompresa ya fundi pancha hutoa hewa yenye mafuta na maji. Pamba za masikioni, tishu, pindo la shati na spiriti ya duka la dawa vyote viache.

Vidoa vikibaki hata baada ya hewa, ni uchafu ulioganda au mafuta. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa madoa ya namna hiyo, hadi mwaka 2014 Nikon ikatangaza kuisafisha na kuibadilishia shata bure. Kwa madoa kama hayo unahitaji swabu za sensa zilizofungwa moja moja, na dawa yake. Upana ulingane na sensa: milimita 24 kwa full frame, 16 kwa APS-C. Baadhi ya dawa hizo ni methanoli, ambayo ni sumu na huwaka. Watoto wakae mbali, na usiwashe dawa ya mbu chumbani.

Usianze swabu kabla ya kupuliza. Vumbi la nyanda za Serengeti limetokana na majivu ya volkeno, na ukilisugua linakwaruza.

Dondoshea matone mawili, si matano. Subiri sekunde chache yaenee. Inamisha swabu kidogo, iguse ukingo mmoja, ivute hadi ukingo wa pili bila kunyanyua, kwa nguvu ile ya kalamu unapoandika jina lako. Igeuze, rudi na upande wa pili, itupe. Haitumiki tena, hata ionekane safi. Ya kwanza husukuma uchafu pembeni, ya pili huuondoa. Ya tatu ikishindwa, acha. Peleka kwa fundi wa kamera.

Baada ya hapo linda usafi wako. Badilisha lenzi kamera ikiwa imezimwa, mdomo chini, mgongo wako ukikinga upepo. Osha vifuniko vya nyuma vya lenzi kwa sabuni na uvikaushe vizuri, maana vumbi jingi huingia kupitia hivyo. Begi likung'ute mbali na kamera.

Na kama una harusi Jumamosi, piga karatasi yako nyeupe Jumatano. Usiishike swabu asubuhi ya kazi.