Tuache Kuuliza "Ni Nani?"

SOMO LA JUMA
Soma: Yohana 9:1–7, Matendo 28:1–6

Ng'ombe akifa ghafla, mtoto akianguka kifafa, swali la kwanza ni lile lile: "Ni nani amefanya hivi?" Hata sisi tuliookoka tunaliuliza, si ndio?

1. Kwa nini imani hii haiishi?
Mtafiti Mwingereza, Evans-Pritchard, aliishi na Wazande kusini mwa Sudan, akatoa kitabu mwaka 1937. Ghala likiangukia watu waliokaa kivulini, Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Lakini waliuliza: mbona lianguke saa ile, juu ya hawa? Jibu lao likawa uchawi. Uchungu hutafuta mtu wa kulaumiwa. Tena mganga akikosea mara tisa tunasahau; akipatia mara moja tunasimulia miaka.

2. Sayansi inasema nini?
Haijapata ushahidi kwamba kitu kilichofukiwa shambani huua jirani. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa. Nyanya anayezurura usiku akiongea peke yake huenda ana ugonjwa wa kusahau. Na hofu yenyewe hukunyima usingizi na kupandisha presha, nawe unasema, "Kweli nimerogwa!"

3. Neno linasema nini?
Wagalatia 5:20 inahesabu uchawi kuwa tendo la mwili. Tusiuguse. Lakini hatukupewa kibali cha kunyooshea jirani kidole. Wanafunzi walipomwona kipofu walitaka mkosaji. Yesu hakuwatajia mtu, alimponya. Watu wa Malta walipoona nyoka mkononi mwa Paulo walisema ni mwuaji. Walikosea.

4. Kidole hicho kinaua
Mei 2008, kule Kisii, watu 11 walichomwa wakiitwa wachawi, wengi wao wazee. Kilifi nako wazee wameuawa, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba linalogombaniwa. Na sisi madhabahuni? Ukiambiwa, "Nyanya yako amefunga nyota yako," ukaacha kumsalimia, huo si ukombozi. Hiyo ni damu inayoanza kumwagika.

Fanya hivi juma hili: mgonjwa mpeleke hospitali na umwombee, maombi na dawa havigombani. Kisha mtembelee mzee mmoja anayeogopwa kijijini. Kaa, kunywa chai yake.

Tuombe: Bwana, tuondolee hofu, utupe upendo. Amina.