Daktari kwenye simu: dondoo kwa mgonjwa wa Singida

Kutoka Itigi au Mkalama kumfuata daktari bingwa ni nauli na siku nzima ya kazi, ndiyo maana simu inavutia. Kabla ya miadi, mgonjwa aandike dalili na siku zilipoanza, aweke karibu dawa anazotumia (pamoja na zile za mitishamba, bila aibu), apige picha majibu ya vipimo, kisha atafute mahali penye mtandao na faragha.

Matapeli nao huvaa koti jeupe. Usajili wa daktari uulizwe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kutuma pesa.

Kwa maswali ya afya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Mjamzito anayetokwa damu asisubiri miadi ya simu: namba 115 ya mpango wa m-mama humtafutia usafiri wa dharura bila malipo.