Skramu kwenye Daraja la Rusizi

Kila asubuhi akina mama hutoka Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, na vijiji vya jirani wakiwa na vikapu vya nyanya, mboga na samaki, wakavuka mpaka kwenda kuuza Bukavu, Kongo. Tuseme vijana wa Rusizi wanataka kuwatengenezea programu ya kujua bei kabla ya kuvuka. Waanzeje? Njia moja ni ajaili, na ndani yake skramu.

Ajaili ni nini hasa?

Ni msimamo wa kazi ulioandikwa Februari 2001 na wataalamu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Marekani. Kiini chake: toa mapema kipande kidogo kinachofanya kazi, mtumiaji akijaribu, kisha rekebisha mpango.

Na skramu?

Ni utaratibu mmojawapo wa ajaili, ingawa wenyewe una umri mkubwa kuliko andiko hilo: Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha mwaka 1995. Kazi hugawanywa katika vipindi visivyozidi mwezi, viitwavyo sprinti. Timu, kwa kawaida watu 10 au pungufu, hukutana dakika 15 kila siku. Mtu mmoja, aitwaye mwenye bidhaa, ndiye huamua kipi kitangulie.

Upo mfano wa Afrika Mashariki wa kurekebisha mpango hivi?

Upo, na ni mzito. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwishoni mwa 2005, ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waanzilishi wake waliliona hilo, wakageuza mpango, na Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa. Wangeng'ang'ania karatasi ya mwanzo, wangezindua kitu kingine kabisa.

Timu ya Rusizi ifanye nini kwanza?

Sprinti ya wiki mbili, bei za bidhaa tatu tu, kwa menyu ya kubonyeza nyota na reli (USSD) ili hata simu ya kitochi iweze. Lugha ziwe Kinyarwanda na Kiswahili tangu siku ya kwanza. Malipo yangoje, maana mpakani hukutana faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Malipo peke yake ni kazi ya sprinti kadhaa.

Mwenye bidhaa atoke wapi?

Hapa ndipo timu nyingi hukosea: humpa cheo hicho mkubwa wa ofisi asiyewahi kubeba kikapu. Afadhali achaguliwe mfanyabiashara mmoja anayevuka kila siku, alipwe kwa muda wake. Na kikao cha kumwonyesha kazi kisiwekwe asubuhi, nyanya zinapoharibika juani. Kiwe jioni, akirudi na kikapu kitupu.