Ganda la Risasi na Chemba Iliyolifyatua

Watoto wa Kator huokota maganda ya risasi njiani, wakayafanya firimbi na michezo. Wazazi huyaona kuwa taka. Kwetu sisi polisi, ganda ni shahidi, na somo hili laeleza sababu.

Nyuma ya mtutu wa kila bunduki pana chemba, tundu linalopokea risasi. Fundi huichonga kwa rima, yaani kekee ya kupanulia tundu, na kipimo cha rima huamua tabia ya silaha. Katika bunduki ya michezo ya kulenga shabaha, ambayo risasi yake ina upana wa milimita 5.7 hivi, chemba huchongwa ya kubana ili risasi ikae katikati kabisa ya mtutu. Mlengaji wa mita 50 hutafuta duara la milimita 10.4 tu! Lakini chemba hiyo haivumilii masizi wala mchanga. Bunduki ya kivita aina ya AK ina chemba yenye nafasi, hivyo hufyatua hata katika vumbi na tope, kwa gharama ya usahihi.

Risasi inapofyatuliwa, ganda hutanuka na kugandamizwa kwenye ukuta wa chemba, kisha hulegea na kutupwa nje. Mikwaruzo iliyoachwa na rima ukutani yaweza kunakiliwa juu yake. Rima nayo huchakaa kidogo kila inapochonga. Kwa hiyo hata chemba mbili zilizochongwa kwa kufuatana hutofautiana. Pini ya kufyatulia huacha kovu lake: pembezoni katika risasi ndogo ya michezo, katikati katika ile ya AK. Mtaalamu huweka maganda mawili chini ya hadubini na kuyalinganisha. Si kila ganda husomeka, tukiri. Lakini lililosomeka laweza kuunganisha tukio la Kator na la Nimule, mpakani.

Wengi hudhani tarakimu zilizopigwa kitakoni mwa ganda hutaja siku ya tukio. Sivyo. Kwa kawaida hutambulisha kiwanda na mwaka wa kutengenezwa, na risasi yaweza kukaa ghalani miongo kadhaa.

Ndiyo maana tunawaomba, ndugu zetu, msiliokote ganda mlionalo baada ya milio. Mahali lilipoangukia husaidia kukadiria aliposimama mfyatuaji. Wekeni jiwe kando yake, zuieni watu na mifugo, mkawaarifu polisi au chifu wa mtaa. Mtoto akiwa amekwisha kulileta nyumbani, msilioshe wala kulisugua kwa mchanga. Lifungeni katika karatasi safi, mkaandike mahali na saa lilipookotwa. Iwapo kichwa cha risasi kingali mahali pake, hiyo haijafyatuliwa: asiiguse mtu yeyote, hata mzee aliyewahi kuwa askari.