SOMO LA KIKUNDI: Mgeni Kwenye Bendi ya Tarumbeta



Mwezi huu hatuongei juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tunaongea juu ya tarumbeta. Msishangae! Someni mpaka mwisho, halafu mjadiliane.

HADITHI

Miaka kadhaa iliyopita, kijiji kimoja upande wa Karatina kilikuwa na bendi ya vijana. Jumamosi moja akaja mzee, dereva mstaafu, akasema, "Nataka kujifunza." Wakamjibu, "Guka, wewe kaa pale utusikilize." Watu wakacheka. Nami nilikuwepo, na nasema ukweli, nilicheka pia. Mzee alirudi Jumamosi mbili zaidi, akakaa kwenye benchi. Hakuna aliyempa chombo. Hakuja tena.

Mwaka uliofuata vijana walimaliza shule, wakaenda Nairobi na Thika kutafuta kazi. Tarumbeta zikafungiwa stoo. Yule mzee alibaki kijijini. Kama tungempokea, si yeye angewafundisha wadogo?

BENDI NI KIKUNDI

Jambo hili si geni. Huko pwani, Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890 watu walianzisha vyama vya beni, wakiiga bendi za kijeshi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza (1914-1918) askari na wapagazi waliieneza beni mpaka bara. Wachezaji wake walikuwa wanachama wa vyama hivyo. Walichanga pesa, walichagua viongozi, na walisaidiana wakati wa shida na mazishi. Si ndivyo tunavyofanya hata sisi?

Na jirani zetu Uganda, mwaka 1996, watoto waliokuwa wakiishi mitaani Kampala waliungana wakaanza bendi ya tarumbeta. Inaitwa M-Lisada. Kutoka kwa ile bendi wakapata makao na shule. Hawakungoja kwanza wawe mafundi. Walianza.

ANAYEANZA AJUE HAYA

1. Sauti hutoka midomoni. Funga midomo, puliza mpaka itetemeke, kama mtoto anayeigiza gari. Chombo kinaikuza tu ile sauti. Siku za kwanza utalia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Usione haya, kila mpulizaji alipitia hapo.

2. Vitufe vya kubonyeza ni vitatu tu kwenye vyombo vingi, kidogo kwa kikubwa. Katika bendi nyingi za namna hii noti huandikwa hivi kwamba vidole ni vile vile. Ukijua tarumbeta ndogo, unaweza kuhamia pembe kubwa bila kuanza upya. Utahitaji tu kuizoesha midomo.

3. Dakika kumi na tano kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Midomo ni misuli, nayo huchoka. Ikiuma, pumzika.

4. Anza na sehemu rahisi. Si lazima upige ule wimbo wenyewe. Kuna wale wa chini wenye noti chache, nzito. Bila wao wimbo hauna miguu.

5. Baridi yetu ya Julai hushusha sauti ya chombo. Kabla ya kuanza, puliza pumzi ya joto ndani yake kwa muda.

6. Pale mnapopulizia paoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kumpa mwingine. Hapo hakuna udugu, usafi kwanza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mgeni apewe chombo siku ile ile ya kwanza, hata kwa dakika kumi. Apewe na mtu mmoja wa kukaa kando yake. Akiachwa kwenye benchi, mmemfukuza bila kumwambia.

Wakati wa mazoezi uwafae wote. Mkipanga saa ya kukamua ng'ombe au ya kupeleka majani chai, kina mama hawatakuja, halafu mtasema ati hawapendi muziki.

Vyombo viwe mali ya kikundi, viandikwe kwenye kitabu: nani amechukua, lini atarudisha. Mkinunua cha zamani, bonyezeni kila kitufe muone kama kinapanda na kushuka bila kukwama. Kisha tengeni pesa kidogo za mafuta ya vitufe na za fundi. Chombo kisicho na pesa za kutengenezwa kitaishia stoo.

Mwisho, nilimwendea yule mzee nyumbani kwake nikamwomba msamaha. Hakusema mengi. Alinipa chai, kisha akauliza, "Funguo za ile stoo ziko na nani?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani alikuja kwenye kikundi chetu mara moja au mbili, kisha hakurudi? Tulimpokea namna gani? Nani atamwendea?

2. Vijana wetu wakienda mjini kesho, ni nani atakayebaki na ujuzi?

3. Kuna mali gani ya kikundi iliyofungiwa mahali bila kutumika? Je, funguo ziko na nani?