Kalamu Nyekundu na Ujasiri wa Mwandishi Chipukizi: Ufundishaji wa Insha ya Kiswahili Mtaani Kapsoya

Utangulizi

Katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE) nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha. Mtahiniwa huandika insha mbili, moja ikiwa ya lazima, kwa muda wa saa 1 na dakika 45. Wengi huingia katika chumba cha mtihani wakiwa na msamiati wa kutosha lakini wakiwa wamepungukiwa na ujasiri. Makala haya yanadai kwamba ujasiri huo hauletwi na sifa tupu wala na ukali, bali na masahihisho ambayo mwanafunzi anaweza kuyaelewa na kuyatumia.

Mazingira ya Lugha

Kapsoya ni mtaa ulio upande wa mashariki wa jiji la Eldoret, kaunti ya Uasin Gishu. Wakazi wake huzungumza Kikalenjin, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo na lugha nyinginezo, na vijana hukutana katika Sheng na Kiswahili cha mtaani. Kwa hivyo, Kiswahili sanifu ni lugha ambayo wanafunzi wengi huimiliki shuleni, si nyumbani.

Athari ya lugha ya kwanza hudhihirika katika maandishi. Kikalenjin hakitofautishi maana kwa kupambanua /k/ na /g/, /t/ na /d/, au /p/ na /b/. Ndiyo maana mwanafunzi huweza kuandika “koti” badala ya “goti”, au “bata” badala ya “pata”. Naye mzungumzaji wa Kikuyu huweza kuchanganya /l/ na /r/, “kula” ikawa “kura”. Makosa haya si uvivu. Yana utaratibu wake. S. P. Corder alieleza mwaka wa 1967 kwamba makosa ya mjifunzaji ni ushahidi wa hatua aliyofikia katika kujifunza lugha.

Kosa na Aibu

Mathalani, mwanafunzi wa kidato cha pili anaandika: “Nyanya aliumia koti tukampeleka hospitali.” Sentensi hiyo ikisomwa mbele ya darasa, kicheko huzuka. Daftari likirudishwa limejaa wino mwekundu, mwandishi hujifunza jambo moja tu: kwamba kuandika ni kujianika.

Matokeo yake yanajulikana na kila msahihishaji. Mwanafunzi hukimbilia mianzo ya kukariri, ambapo kila siku jua linachomoza na majogoo yanawika, kisha huirundika misemo pasipo mahali pake. Aghalabu hali hii huitwa ukosefu wa ubunifu. Kwa hakika ni kinga: aliyeaibishwa kwa maneno yake mwenyewe huazima ya wengine. Hasara ni kwamba habari ya nyanya, ambayo ni yeye pekee angeweza kuisimulia, haiandikwi tena.

Ufundishaji Unaotegemeza

Mwaka wa 1976, Wood, Bruner na Ross waliulinganisha msaada wa mwalimu na jukwaa la mafundi wa ujenzi: huwekwa ili fundi afikie pale ambapo mkono wake haujafika, kisha huondolewa ukuta unaposimama. Katika insha, jukwaa hilo lina hatua tatu.

Kwanza, mwalimu hujibu maana kabla ya umbo. Swali “Mlimfikishaje hospitalini?” humwonyesha mwandishi kwamba amesomwa. Pili, huchagua aina moja au mbili za makosa na kueleza chanzo chake. Mwanafunzi akiweka vidole kooni na kutamka /z/ kisha /s/, atahisi mtetemo wa sauti ghuna na ukimya wa sauti sighuna; kutoka hapo ataongozwa kuipambanua /g/ na /k/. Tatu, mwanafunzi huiandika insha ile ile upya. Hatua hii ndiyo kiini, kwa kuwa Albert Bandura alieleza mwaka wa 1977 kwamba chanzo chenye nguvu zaidi cha kujiamini ni kufaulu kwa mtu mwenyewe katika jambo alilojaribu.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba madarasa ni makubwa na mtihani hausamehe makosa. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, kusahihisha kila kosa katika kila daftari ndiko kunakomchosha mwalimu zaidi, na mwanafunzi hawezi kuyashika yote kwa pamoja. Aidha, wanafunzi wanaweza kusomeana rasimu wawili wawili, alimradi kicheko kimepigwa marufuku. Kutegemeza si kulegeza. Kosa linabaki kuwa kosa, ila hushughulikiwa kwa zamu.

Hitimisho

Wahenga walisema, kutoa ni moyo. Mwanafunzi anayekabidhi daftari lake hutoa kilicho chake. Mwalimu wa Kiswahili akilipokea vyema, atapata mwandishi wa kumsahihisha kesho. Akilipokea kwa dharau, atabaki akisahihisha majogoo.