Dondoo muhimu: Acha sigara, rafiki wakushike mkono

Baridi ya Juni na Julai Lushoto huwafanya wengi wawashe sigara wapate joto. Kumbe nikotini hubana mishipa ya damu, vidole vikazidi kupoa.

• Taja siku ya kuacha. Watangazie wenzako wa kijiweni, na uwaombe wasikupe hata pafu moja. Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, inafaa. Ya karibu zaidi inafaa zaidi.

• Badili mfuko. Toa kiberiti, weka karoti ya sokoni ya kutafuna.

• Arosto ikipanda, hupita baada ya dakika chache. Kunywa maji, mpigie rafiki, au tembeeni pamoja hadi Irente, hapo Lushoto.

• Wewe rafiki, siku za mwanzo mvumilie: hasira na kukosa usingizi ni kawaida. Usimtanie, wala usivute mbele yake.

• Akiteleza, msimseme. Ulizaneni kilichomponza, aendelee.

• Hesabuni faida. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Bado ngumu? Msindikize kituo cha afya akapate ushauri.